Ndoo Nane za Bi Kazija

Sanduku lilirudi Mgogoni siku ya Jumanne, juu ya gari ya abiria, limefungwa kwa kamba ileile aliyoifunga Bi Kazija kwa mikono yake wiki mbili nyuma. Alilifungulia barazani. Akatoa mche mmoja wa sabuni, akaubonyeza kwa kidole gumba, ukafikichika kama kiazi kikuu kilichopikwa kikapitiliza. Akatoa wa pili: mgumu, uso wake laini, unanukia karafuu. Wa tatu mzima. Wa nne makombo matupu. Chini kabisa ndani ya sanduku mlikuwa na kikaratasi cha Bwana Jecha, mfanyabiashara wa Mkoani aliyekuwa akiwavushia yeye na wenzake sabuni zao hadi Unguja. "Bi Kazija, watu wanalalamika," aliandika. "Nusu nzuri, nusu unga. Nangojea mzigo wa mwezi ujao. Ukija hivi tena, nisamehe sana."

Kazija Silima alikuwa na miaka hamsini na moja, na katika hiyo, kumi na moja alikuwa mpika sabuni. Kabla ya hapo alikuwa mkulima wa mwani kama mama yake mdogo na kama nusu ya wanawake aliokua nao. Maji ya bahari yalipozidi joto na mwani ukaanza kufa kambani, wenzake wengi waliacha. Yeye alikwenda Wete kwenye mafunzo ya siku tatu, akarudi na daftari lenye kurasa sita na wazo la kuusaga ule mwani kidogo uliobaki na kuutia kwenye sabuni ya mafuta ya nazi. Kikundi kilianza na wanawake saba uani kwake. Wote walipika kwa kumtazama yeye, maana daftari lilishapotea mwaka wa pili, na tokea hapo kipimo kilikuwa ni mkono wake na jicho lake. Watu wakisema "sabuni ya Mgogoni" walikuwa na maana ya sabuni ya Kazija, na yeye alilijua hilo, na lilimpendeza.

Jioni ya siku ile ile aliwaita wenzake, akawaonyesha makombo. Wakayapitisha mkono kwa mkono. Kisha akasema jambo ambalo alikuwa nalo moyoni tangu zamani kidogo.

"Zulekha, sikusemi kwa ubaya. Lakini mkono wako haupatani na mwani. Tangu tuanze hii sabuni ya mwani mwingi, ukipika weye, hufikichika."

Zulekha alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe Talib, mwanamke mwembamba mwenye haraka, ambaye hakukaa mahali pamoja muda wa kumaliza kikombe cha chai. Alikuwa na mkwe mgonjwa nyumbani na alipika sabuni kwa kukimbilia. Alimtazama Kazija, akafuta mikono yake kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu.

"Nkono wangu?" alisema, kwa Kipemba cha shamba kisichojificha. "Nkono wangu ndo ulooza?"

"Sikusema umeoza."

"Haya, wifi. Mie nakwenda zangu."

Akaenda. Hakuna aliyemzuia, na Kazija alijua kwamba wenzake hawakumzuia kwa sababu walimwamini yeye.

Sasa ilibakia kuupika mzigo mpya, na Kazija aliamua kujihadhari kwa kila njia. Kulikuwa na maneno kwamba mafuta ya karafuu ni makali mno, basi hakuyatia. Kulikuwa na maneno kwamba mafuta ya nazi yakiingizwa ya moto huharibu, basi akayaacha yapoe mpaka yakawa vuguvugu. Mwani akatia kidogo. Akakoroga yeye mwenyewe, na mwiko wake mwenyewe, bila ya haraka. Baada ya siku mbili akashika kisu kukata miche, na sabuni ikavunjika vipandevipande. Haikuwahi kutokea mbaya kuliko ile.

Alikaa chini juu ya kibao cha mbuzi ya nazi akaitazama. Alikuwa ameondoa kila kilichoshukiwa. Zulekha hakuwapo. Karafuu haikuwamo. Mafuta hayakuwa moto. Akafikiri, basi ni kostiki, hii soda ya kupikia sabuni; wameniuzia iliyochakaa. Asubuhi akavaa baibui, akapanda gari kwenda Konde.

Duka alilonunulia kostiki lilikuwa la marehemu Fidahussein, na siku hizi aliyekaa nyuma ya kaunta alikuwa binti yake, Shabnam. Alikuwa amefanya kazi miaka mitano Dar es Salaam katika kiwanda cha biskuti, kazi yake ikiwa ni kutafuta kwa nini biskuti za leo hazifanani na za jana. Mama yake, Bi Jenabai, alianguka akavunjika nyonga, na Shabnam akarudi kumuuguza. Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma, mlango wazi, akisikia kila neno.

"Kostiki hii mbovu, mwanangu," alisema Kazija, akiweka kipande cha sabuni juu ya kaunta.

Shabnam alikichukua, akakifikicha kidogo. Hakubisha. Alianza kuuliza. Mafuta yalikuwa moto kiasi gani? Karafuu? Mwani? Nani alikoroga? Kazija akajibu, na kila alipojibu alizidi kuona kwamba hadithi yake haisimami. Mwisho akaeleza habari za Zulekha.

"Bi Kazija, mwani mwingi mlianza lini?"

"Mwezi wa Rajabu."

"Na karafuu?"

"Hiyo hiyo Rajabu. Bwana Jecha alitaka sabuni mpya, mwani mwingi na karafuu."

"Na Bi Zulekha, yeye hungoja mafuta yapoe?"

Kazija akacheka. "Zulekha angoje?"

"Basi mambo matatu yamekuja pamoja," alisema Shabnam, "na wewe umemkamata mtu mmoja."

Kazija hakulipenda neno lile, lakini hakuondoka. Shabnam alivuta karatasi ya kufungia sukari, akaandika mambo manne: joto la mafuta, karafuu, mwani, mkono. Kila moja lina hali mbili. Mafuta moto au vuguvugu. Karafuu iwemo au isiwemo. Mwani mwingi au kidogo. Mkono wa Kazija au wa Zulekha. Ukitaka kuyachanganya kwa kila namna, alisema, zitatoka ndoo kumi na sita.

"Sina mafuta ya ndoo kumi na sita. Nnayo ya nane, na hizo nane ndizo zote nlizo nazo mpaka nazi ziangushwe tena."

"Nane zinatosha nusu. Tutachagua nane kwa mpango, si kwa kubahatisha, ili kila kitu kipate ndoo nne upande huu na nne upande huu. Lakini nusu ina hasara yake." Alisita, akitafuta maneno. "Vitu viwili vinaweza kuwa havina kosa kila kimoja peke yake, vikakutana vikaharibu. Katika ndoo nane, kukutana kwa jozi moja kutafanana kabisa na kukutana kwa jozi nyingine, na karatasi haitatwambia ni ipi. Kwa hivyo niambie sasa hivi: unashuku vitu gani viwili kwa pamoja? Nikijua, nitazipanga ndoo kwa namna nyingine, jozi hiyo isichanganyike na ile nyingine unayoiogopa."

Kazija alifikiri kwa uaminifu. "Hakuna jozi," alisema. "Kitu kibovu ni kibovu. Kikiwa peke yake kibovu, kikiwa na mwenzake kibovu."

Kutoka chumba cha nyuma sauti ya Bi Jenabai ilisikika ikisema, kwa upole, kwamba yeye mumewe alikuwa mtu mwema na mama mkwe alikuwa mtu mwema, kila mmoja peke yake. Shabnam akatabasamu. Kazija hakuelewa kinachochekesha.

Tatizo lilikuwa mkono wa Zulekha. Ndoo nne kati ya nane zilikuwa zake, na bila yeye hakuna jaribio. Kazija alimtuma Talib. Talib alikwenda kwa dada yake, akarudi, akasema kwa ufupi kama kawaida yake: "Atakuja. Anasema anakuja ili ajue."

Shabnam naye alikuja Mgogoni, na kipimajoto, na karatasi yake. Walipika siku mbili. Zulekha hakumsemesha Kazija ila kwa lazima. Kila ndoo ilibandikwa namba. Ndoo ya saba ilikuwa ya moto na karafuu, mwani kidogo, mkono wa Kazija. Ya nane ya moto na karafuu, mwani mwingi, mkono wa Zulekha. Ya kwanza vuguvugu, bila karafuu, mwani kidogo, Kazija. Mengine Kazija hakuweza kuyashika kichwani. Alifanya alivyoambiwa, na jambo hilo, la kufanya alivyoambiwa uani kwake mwenyewe, lilimchosha kuliko kukoroga.

Siku ya kukata, wote watatu walipiga magoti mbele ya masanduku ya mbao. Nne zilitoka nzima. Nne zilifikichika: ya kwanza, ya pili, ya saba, ya nane. Shabnam akatia alama kwenye karatasi.

"Nani kashinda?" aliuliza Zulekha.

"Tazameni," alisema Shabnam. "Ndoo nne za moto: mbili mbovu, mbili nzima. Nne za vuguvugu: mbili mbovu, mbili nzima. Zenye karafuu, mbili kwa mbili. Zisizo nayo, mbili kwa mbili. Mwani mwingi, mbili kwa mbili. Mwani kidogo vilevile. Bi Kazija ameharibu mbili, Bi Zulekha ameharibu mbili."

Kazija aliinama juu ya karatasi. Alizihesabu alama kwa kidole, mara ya kwanza, mara ya pili. Kila kitu kilikuwa hakina kosa, na nusu ya sabuni ilikuwa imeharibika mbele yake. Alihisi kama mtu aliyeingia nyumba anayoijua akakuta milango imehamishwa.

"Basi hakuna chenye kosa," alisema.

"Kuna wawili wenye kosa kwa pamoja. Zilizoharibika ni zile za moto zenye karafuu, na za vuguvugu zisizo na karafuu. Hiyo ni njia moja ya kuisoma."

"Njia ya pili?"

Shabnam hakutaka kuisema, na ilionekana kwamba hakutaka. "Zilizoharibika ni zile alizokoroga Bi Zulekha zenye mwani mwingi. Na zile ulizokoroga wewe zenye mwani kidogo. Ni ndoo zilezile nne. Ndiyo ile niliyokwambia dukani."

Lakini Kazija alikuwa amesikia nusu ya kwanza tu. "Si nlisema? Zulekha na mwani mwingi. Karatasi yenyewe imesema."

Zulekha alinyanyuka. Hakupaza sauti. "Nshajua sasa," alisema, akavaa ndara zake akatoka.

Shabnam alikunja karatasi polepole. "Bi Kazija, kwa heshima yako. Ukiamini maneno hayo juu yake, lazima uamini na mengine juu yako. Huwezi kuchukua upande mmoja ukauacha mwingine. Kama mkono wake unaharibu mwani mwingi, basi mkono wako unaharibu mwani kidogo. Na wewe miaka kumi umepika mwani kidogo."

Akarudi Konde, akaiacha ile karatasi.

Siku zilizofuata Kazija hakuwa mtu wa kukaa naye. Alilima na Talib, akang'oa mihogo michanga akidhani ni magugu. Alimuuliza mumewe, "Mie nimewahi kuharibu sabuni ya mwani kidogo?" Talib akasema hajui habari za sabuni. Alijaribu kukumbuka miaka kumi ya ndoo. Zilikuwapo zilizoharibika, ndiyo. Ile ya harusi ya Rahila, binti wa jirani. Alisema ilikuwa kostiki. Ile nyingine kabla ya Ramadhani. Alisema ni maji ya kisima. Kila mara palikuwa na kitu cha kusema, na kila mara kitu hicho hakikuwa yeye. Lakini je, mafuta siku hizo yalikuwa moto au yamepoa? Hakukumbuka. Hakuwahi kulitazama jambo hilo, kwa hivyo halikumkaa.

Alikuwa akiichukua karatasi ya sukari, akiitazama mpaka alama zikacheza. Saa nyingine aliona wazi kwamba ni moto na karafuu. Akigeuza kichwa, zilezile alama zikasema ni mikono na mwani. Hakuwa amewahi kuona kitu kinachosema mambo mawili bila kusema uongo.

Baada ya wiki alipanda tena gari kwenda Konde.

"Tuzitenganishe vipi?" aliuliza, kabla ya kukaa.

"Ndoo nne nyingine," alisema Shabnam, aliyekuwa amekwishaziandika. "Kutoka ile nusu tuliyoiacha. Humo, ikiwa kosa ni moto na karafuu, zitaharibika mbili. Na ikiwa kosa ni mkono na mwani, zitaharibika mbili nyingine. Haziwezi kufanana tena. Lakini namtaka Bi Zulekha."

Safari hii Kazija hakumtuma Talib. Alikwenda mwenyewe, alasiri, akamkuta Zulekha akimkata kucha mkwe wake. Alisalimia, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa mara ya pili.

"Wifi, mie sifahamu," alisema hatimaye. "Nlisema nafahamu, na sifahamu. Yule binti wa Konde anasema karatasi ina maneno mawili, na mie nlilichukua moja kwa sababu nlikuwa nalo tayari. Labda ni weye. Labda ni mie. Labda si mtu. Njoo tupike ndoo nne."

Zulekha aliendelea na kucha ya kidole kidogo mpaka akaimaliza. "Na ikiwa ni mie?"

"Tutajua."

"Na ikiwa ni weye?"

Kazija aliuvuta ukingo wa mkeka. "Tutajua," alisema tena, na safari hii lilimtoka kwa shida.

Mafuta hayakuwapo. Talib aliangusha nazi zilizokuwa hazijakomaa sawasawa, na wanawake wale wawili walikaa siku mbili mbuzi kwa mbuzi, wakikuna, wakikamua, wakipika tui mpaka mafuta yakatoka. Huwezi kukuna nazi karibu na mtu siku mbili bila kuzungumza. Walizungumza habari za mkwe, za bei ya unga, za jirani aliyehamia Wete. Sabuni hawakuigusa kwa maneno.

Shabnam akaja na kipimajoto. Kazija alikoroga ya moto yenye karafuu na mwani mwingi. Zulekha akakoroga ya moto isiyo na karafuu, mwani mwingi, ule ule mwani uliosemwa haupatani naye. Kisha Kazija ya vuguvugu yenye karafuu, mwani kidogo. Mwisho Zulekha ya vuguvugu isiyo na karafuu, mwani kidogo.

Ile ya kwanza, Kazija alipoidondoshea karafuu, aliihisi mkononi. Mwiko ulikaza ghafla kama umekamatwa. Aliwahi kuiona hali hiyo na daima aliichukulia kuwa baraka, sabuni inayoshika upesi. Alitazama ndani ya ndoo, akaona madonge, na baina ya madonge vidimbwi vya mafuta. Aliimimina kwenye sanduku.

Siku ya tatu wakakata. Ya Kazija ya kwanza ilifikichika mpaka ndani. Ya Zulekha yenye mwani mwingi ilikatika kama jibini, mche baada ya mche, ukingo umenyooka. Ya Kazija ya vuguvugu ilikuwa nzima. Ya mwisho ya Zulekha ilivunjika.

"Moto na karafuu," alisema Shabnam. "Zikikutana, sabuni inashika kabla haijachanganyika. Na vuguvugu bila karafuu inachelewa mno, unaimimina ukidhani imeungana, kumbe bado. Mikono haimo. Mwani haumo."

Zulekha aliushika mche mmoja wa mwani mwingi, akaugeuza huku na huku. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakulia. "Huu nimepika mie," alisema, hakumwambia mtu.

"Nikuombe radhi, wifi," alisema Kazija. "Nlikusema mbele ya watu. Nitakuomba radhi mbele ya watu."

"Uniombe," alisema Zulekha. "Mie nimeudhika sana, Kazija. Usidhani yamekwisha kwa sababu sabuni imetoka."

"Sidhani."

Kazija akafanya alivyosema, Ijumaa ile, mbele ya wenzake wote uani, na lilikuwa jambo gumu kuliko alivyotazamia, kwa sababu walimwonea haya na wakataka anyamaze mapema. Alimaliza. Zulekha alikuwa amekaa mlangoni, ndara hazijavuliwa. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaenda kumwangalia mkwe. Jumatatu alirudi akapika, na Jumatano hakuja. Ikawa hivyo kwa miezi: huja, haji. Mzigo wa Bwana Jecha ulikwenda Mkoani mzima, na mwingine ukafuata.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuwafundisha wenzake, na hapo Kazija alishindwa kwa namna ambayo hakuwahi kushindwa. Miaka kumi na moja alikuwa akisema "fanya hivi" wakafanya. Sasa Mwatum, mdogo wao kwenye kikundi, alimuuliza swali jepesi kabisa.

"Bi Kazija, kwani karafuu inaharibu sabuni au haiharibu?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Mafuta yakiwa moto, inaharibu. Yakipoa, inaitengeneza."

"Basi yapoe siku zote."

"Yakipoa bila karafuu, huharibika."

Mwatum alimtazama, kisha akawatazama wenzake. "Basi yawe moto?"

"Bila karafuu, ndiyo."

"Sasa moto ni mzuri au mbaya?"

Kazija alisimama na mwiko mkononi. Jibu alilijua, mikono yake ilishalijua na ilipika bila kukosea. Lakini kila alipotaka kulitoa kwa neno moja, lilikatika vipande viwili. Alijaribu kwa vidole, moto huku, karafuu huku. Alijaribu kuchora kwa kijiti mchangani, miraba minne, akasahau upi ni upi. Wenzake walimngojea kwa adabu.

"Kaa hapa ubavuni kwangu," alimwambia Mwatum mwishowe. "Leo tunatia karafuu. Weka kidole kwenye sufuria ya mafuta. Ukiweza kukiacha mpaka useme bismillahi mara tatu, niambie."

Mwatum akaweka kidole, akakitoa haraka.

"Bado," alisema Kazija, akakaa chini kungoja.